Wimbo wa "Mtakatifu" kwa Kiarabu: Somo Kutoka Kanisa la Martorana, Palermo



Vijana wenzangu wapendwa, somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri. Tunakwenda Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia. Pale mjini kuna kanisa linaitwa Santa Maria dell'Ammiraglio, yaani Kanisa la Mtakatifu Maria la Admirali. Wenyeji wamezoea kuliita Martorana. Lilijengwa miaka ya 1140, na hati yake ya msingi, ya mwaka 1143, iliandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu.

Umesoma vizuri. Kanisa la Bikira Maria, hati yake ina Kiarabu.

Na haikuishia kwenye hati. Juu kabisa ndani ya kanisa hilo, pale kuba linapoanzia, kuna mkanda wa mbao unaolizunguka kuba, na kwenye mbao hizo kumeandikwa maneno kwa Kiarabu. Nimewahi kuwauliza vijana kadhaa: unadhani yameandikwa nini pale? Wengi hujibu haraka, "Aya za Kurani." Wengine husema, "Basi hilo lilikuwa msikiti, Wakristo wakalichukua." Jibu ni tofauti kabisa. Ni maneno ya liturujia ya Wakristo wa Mashariki: wimbo wa "Mtakatifu" na wimbo wa "Utukufu". Ndiyo, hizo hizo tunazoimba Jumapili, moja baada ya Bwana Utuhurumie, nyingine baada ya Utangulizi. Ziko pale juu, kwa herufi za Kiarabu, tangu karne ya 12.

Swali ninalotaka tulibebe somo zima ni hili: Mungu akisifiwa kwa lugha ya jirani na kwa ufundi wa mikono ya jirani, sifa hiyo ni yetu pia? Na kama ni yetu, huyo jirani tunamfanyaje?

Kisiwa cha watu wengi

Sisilia imo kwenye Biblia. Fungua Matendo ya Mitume 28:12 utaona Mtume Paulo, akiwa njiani kupelekwa Roma kama mfungwa, anafika Sirakusa na kukaa siku tatu. Huo ni mji wa Sisilia. Ukristo wa kisiwa hiki ni wa zamani sana, na kwa karne nyingi watu wengi huko waliongea Kigiriki na kufuata liturujia ya Kibizanti, yaani ile ya Konstantinopoli.

Mwaka 827 majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalivuka bahari na kuanza kukiteka kisiwa. Mwaka 831 waliuchukua Palermo wakaufanya mji wao mkuu. Kiarabu kikawa lugha ya soko, ya shamba na ya ofisi. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye wakaja Wanormani, Wakristo wa Kilatini waliotoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, ambao mababu zao walikuwa mabaharia wa nchi za kaskazini ya mbali. Waliuteka Palermo mwaka 1072, na kufikia 1091 kisiwa chote kilikuwa mikononi mwao. Siku ya Noeli mwaka 1130, Roger wa Pili alivikwa taji la ufalme mjini Palermo.

Sasa fikiria hali ya mfalme huyo. Yeye ni Mnormani. Raia wake wengi ni Waislamu wanaosema Kiarabu. Wengine ni Wakristo wanaosema Kigiriki. Kuna Wayahudi. Kuna Walatini wanaozidi kuingia. Ofisi za mfalme zilitoa hati kwa Kigiriki, Kiarabu na Kilatini. Mtaalamu wake wa jiografia alikuwa Mwislamu, al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha nchi za dunia mwaka 1154. Na sisi tumo humo, jamani! Al-Idrisi aliandika habari za pwani ya Afrika Mashariki, akataja Malindi na Mombasa. Yaani rangi za kanisa tunalolizungumzia zilikuwa bado mpya, na katika mji huo huo mtu anaandika habari za pwani yetu.

Ila tusiipake sukari historia. Roger hakuwa mtakatifu wa mazungumzano ya dini. Aliwahitaji makarani wa Kiarabu kwa sababu wao ndio waliojua daftari za ardhi na kodi. Waislamu na Wayahudi waliruhusiwa kuishi na dini zao, lakini walitozwa kodi ya kichwa kwa sababu ya dini hizo hizo. Uvumilivu huo ulikuwa na faida kwa mwenye nguvu, na baadaye tutaona uliishia wapi.

Admirali mwenyewe

Aliyejenga kanisa letu aliitwa George wa Antiokia. Antiokia unaikumbuka: ni mji ule ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, Matendo 11:26. George alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kigiriki kutoka huko Mashariki, na Kiarabu alikimanya vizuri sana. Kabla ya kufika Sisilia alikuwa mtumishi wa mtawala Mwislamu wa Mahdia, mji wa pwani ulioko Tunisia ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 12 alitoroka huko akahamia Sisilia, akapanda cheo hadi akawa mtu mkubwa kuliko wote baada ya mfalme.

Cheo chake kilikuwa "amiri wa maamiri". Neno ni la Kiarabu, lile lile tunalolitumia sisi tukisema Amiri Jeshi Mkuu. Walatini walilichukua wakalitamka kwa namna yao, na kwa kuwa maamiri wa Sisilia waliongoza merikebu, ndipo likapatikana neno "admirali" la mataifa ya Ulaya. Ndiyo maana kanisa linaitwa la Admirali.

Na kazi ya admirali ni vita. Mwaka 1146 George aliuteka mji wa Tripoli, Libya ya leo. Mwaka 1147 merikebu zake zilivamia nchi ya Wagiriki, Wakristo wenzake wa madhehebu yale yale. Wakapora Thebes na Korintho, wakawachukua mateka mafundi wa kufuma hariri na kuwaleta Palermo. Mwaka 1148 aliurudia mji wa Mahdia, ule uliomlea kikazi, akauteka. Alifariki mwaka 1151, akazikwa ndani ya kanisa hili.

Shika vizuri habari hizi za George. Tutazihitaji tukisimama mbele ya picha yake.

Tuingie ndani

Ukifika uwanja unaoitwa Piazza Bellini, utaona makanisa mawili yako jirani kabisa. Moja, San Cataldo, lina makuba matatu mekundu. La pili ndilo letu, na utalitambua kwa mnara wake wa kengele wenye madirisha ya matao na nguzo nyembamba. Unapita chini ya mnara, unaingia.

Sehemu ya zamani ya kanisa ni ndogo. Ramani yake ni ya Kigiriki: msalaba wenye mikono sawa ndani ya mraba, na katikati nguzo nne zimebeba kuba. Matao yamechongoka juu, kwa namna iliyozoeleka katika majengo ya Waislamu wa zama zile. Zile pembe ambako mraba unageuka kuwa duara la kuba zimejengwa kwa vijitao, ufundi ambao mafundi wa nchi za Kiislamu waliujua sana. Kuna pia mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi za mikono ya Kiarabu. Nikiziangalia picha zake nakumbuka milango ya mji wetu wa zamani kule Unguja na Lamu. Si ndugu wa tumbo moja, lakini subira ya fundi aliyeshika patasi unaiona kote.

Halafu inua macho. Kuta za juu zimefunikwa kwa mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo na mawe, nyingi zikiwa na mandhari ya dhahabu. Hii ni kazi ya mafundi wa Kigiriki. Katikati ya kuba Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi. Malaika wakuu wanne wanamzunguka, wameinama, migongo imepinda kabisa kwa unyenyekevu. Chini yao manabii wanane. Kwenye pembe Wainjili wanne. Na kati ya mabawa ya malaika na miguu ya manabii, au tuseme pale kuba linapopokelewa na kuta, ndipo ulipo ule mkanda wa mbao wenye Kiarabu.

Ukiielewa picha, maneno yanaeleweka. Nabii Isaya, sura ya 6, aliwasikia maserafi wakiitana na kumtangaza Mungu mara tatu kuwa ni mtakatifu. Luka, sura ya 2, anatuambia wimbo wa malaika usiku wa Noeli. Nyimbo hizo mbili ndizo zilizoandikwa pale. Ni kana kwamba fundi alichora malaika, halafu akaandika wanachoimba, na alipowasikiliza aliwasikia wakiimba Kiarabu.

Usitoke bado. Geukia upande wa magharibi, kwenye dari la upinde, kuna picha mbili zinatazamana. Upande mmoja ni Kuzaliwa kwa Bwana: Maria amelala, kando yake Mtoto Yesu amevikwa nguo za kitoto. Upande wa pili ni Kulala kwa Mama Maria, yaani kufariki kwake: Maria amelala kitandani, mitume wanamlilia, na Yesu amesimama nyuma ameibeba roho ya Mama yake ikiwa kama mtoto mchanga aliyevikwa nguo za kitoto. Umeona? Yule aliyebebwa sasa anabeba. Mimi nimesali rozari miaka mingi, na picha hizi mbili zimenisaidia kuliona fumbo la Kupalizwa kuliko maelezo mengi niliyowahi kusikia.

Mtu amelala chini miguuni pa Mama

Karibu na lango kuna picha mbili maarufu. Katika ya kwanza Kristo anamvika taji mfalme Roger. Roger amevaa mavazi ya kaisari wa Konstantinopoli, na juu ya kichwa chake ameandikwa kuwa mfalme kwa neno la Kilatini, "rex", ila herufi zilizotumika ni za Kigiriki. Picha hiyo inasema jambo moja: mamlaka yangu yanatoka kwa Mungu. Wafalme hupenda sana picha za namna hiyo.

Ya pili ndiyo inayonigusa. Bikira Maria amesimama. Mkononi ana karatasi ndefu yenye maandishi ya Kigiriki. Kristo yuko juu pembeni, anabariki. Na chini kabisa, miguuni pa Maria, kuna mzee mwenye ndevu nyeupe amejitupa kifudifudi, mwili wote umeinama hadi anafanana na kobe. Huyo ni George. Maneno ya kwenye karatasi ni maombi ya Maria kwa Mwanae: amlinde George aliyemjengea nyumba hii, na amjalie msamaha wa dhambi.

Sasa rudisha ile orodha ya vita. Tripoli, Thebes, Korintho, Mahdia. Wafumaji waliotolewa majumbani kwao. Admirali mwenye mali na cheo angeweza kuchorwa amesimama, na upanga kiunoni. Alichorwa chini. Kujenga kanisa hakufuti damu, wapendwa, na George alikuwa na sababu nyingi za kuomba msamaha. Baadhi ya mashambulizi yake yalikuja hata baada ya kanisa kuanzishwa. Ila angalau alijua mahali pa kulala kifudifudi. Wengi wetu dhambi zetu ni ndogo kuliko zake lakini kupiga goti kwenye kitubio tunaona aibu.

Kwa nini Kiarabu?

Kijana mmoja wa kwaya yetu aliniuliza swali hilo nilipomwonyesha picha: "Sasa si lugha ya Waislamu hiyo? Inafanya nini kanisani?"

Jibu la kwanza liko kwenye Biblia. Soma Matendo 2:11. Siku ile ya Pentekoste, kati ya watu waliosikia matendo makuu ya Mungu yakitangazwa kwa lugha zao, Waarabu wametajwa. Wako mwishoni mwa orodha, watu huwapita haraka. Kulikuwa na Waarabu Wakristo kabla Uislamu haujaanza, na wako mpaka leo: Wamaroni wa Lebanoni, Wamelkiti wa Siria, Wakopti wa Misri na wengine wengi wanasali kwa Kiarabu. Wengi wao ni Wakatoliki kamili, wana umoja na Baba Mtakatifu. Kwa George wa Antiokia, kumwimbia Mungu kwa Kiarabu haikuwa kukopa chochote. Ni mdomo wake mwenyewe.

Jibu la pili liko kinywani mwako. Nilimwambia yule kijana, "Haya, niambie Jumapili unakwenda wapi bila kutumia Kiarabu." Akasema, "Kanisani." Nikamwambia umeshindwa, maana "kanisa" ni neno la Kiarabu. Akacheka. Tukaendelea: msalaba, Kiarabu. Sala, ibada, sadaka, imani, neema, baraka, rehema, malaika, nabii, dhambi, roho. Ukianza Salamu Maria, lile neno "salamu" umelitoa Kiarabu, na "neema" pia. Hata "Injili", ambayo asili yake ni Kigiriki, ilitufikia kwa njia ya Kiarabu.

Maneno haya yaliingia Kiswahili kwa biashara ya bahari, kwa ndoa, kwa dini ya majirani zetu Waislamu. Wamisionari walipofika pwani na kutafsiri katekisimu waliyakuta yako tayari, yamekwisha kuwa ya Waswahili, wakayatumia. Leo bibi yangu kijijini anatamka "neema" na hakuna mtu wa kumwambia kwamba sala yake ni ya kuazima. Ule mkanda wa mbao wa Palermo, kwa namna fulani, sisi tunautembeza kwenye ulimi kila siku.

Mgeni aliyelipita Noeli

Mwezi Desemba mwaka 1184 alipita Palermo msafiri Mwislamu kutoka Hispania ya Waarabu, jina lake Ibn Jubayr. Alikuwa anarudi kutoka Hija na chombo chake kiliharibika karibu na Messina. Siku ya Noeli alilitembelea kanisa letu, akaliita Kanisa la Mwantiokia. Alistaajabu. Aliandika kuwa ni miongoni mwa majengo ya ajabu kabisa aliyoyaona: kuta zenye dhahabu, marumaru za rangi, madirisha ya vioo. Akawatazama wanawake Wakristo waliokuja kusherehekea: wamevaa hariri, wamejifunika shela, wamejipaka hina na manukato, wanaongea Kiarabu fasaha, sawasawa na wanawake Waislamu wa mji ule.

Na akiusifu mnara wa kengele, aliomba Mungu aufanye siku moja uwe mahali pa kuadhinia.

Nampenda Ibn Jubayr kwa ukweli wake. Uzuri wa kanisa ulimgusa, na bado alibaki Mwislamu anayetamani Uislamu urudi. Kukaa jirani na kushirikiana sanaa hakukufuta tofauti ya imani, si kwake wala kwa Wakristo. Anayekwambia kwamba kumheshimu mwenye dini nyingine lazima ujifanye huna yako, mwonyeshe ukurasa huo.

Upande wa giza

Ningependa kuishia hapo, lakini isingekuwa haki. Tayari mwaka 1161, katika fujo za kumpinga mfalme William wa Kwanza, Waislamu wengi wa Palermo waliuawa. Baada ya William wa Pili kufariki mwaka 1189 mashambulizi yalirudi, na wengi wakakimbilia milimani. Miaka ya 1220 kaisari Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger, alianza kuwahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sisilia na kuwapeleka Lucera, bara ya Italia. Mwaka 1300 Lucera nayo ikavunjwa kwa amri ya mfalme Mkristo, watu wake wakauzwa utumwani.

Basi piga picha hiyo. Malaika wale juu wanaendelea kuimba Kiarabu, na chini, mjini, watu wa lugha hiyo wamekwisha. Karne zikapita hata maandishi yenyewe hayakuangaliwa tena, mpaka ukarabati wa karne ya 19 ulipoyafunua. Walioweka nakshi wamefukuzwa, nakshi imebaki inasifiwa.

Hapa ndipo somo linapouma. Inawezekana kabisa kupenda matao ya jirani, vitambaa vyake, chakula chake, maneno yake, na jirani mwenyewe ukamchukia. Tunakula pilau ya Idi tuliyoletewa, halafu kwenye kikundi cha simu tunasambaza ujumbe wa kuwadhihaki waliotupikia.

Kanisa lilivyo leo

Nipite haraka. Mwaka 1433 hadi 1434 kanisa lilikabidhiwa kwa watawa Wabenediktini wa monasteri ya jirani, iliyoanzishwa na familia ya Martorana, na jina likatoka huko. Masista hao walisifika kwa vitamu vya unga wa lozi vinavyotengenezwa kwa umbo la matunda, na hadi leo Sisilia wanaviita matunda ya Martorana. Walilipanua kanisa, na karne ya 17 sehemu ya altare ya zamani ilibomolewa ikajengwa upya kwa mtindo wa wakati ule, wenye marumaru na michoro mingi.

Tangu 1937 ni kanisa la Wakatoliki wa Kibizanti wenye asili ya Albania. Mababu zao walikimbilia Italia karne ya 15 nchi yao ilipotekwa na Waturuki. Yaani nyumba iliyojengwa na mhamiaji kutoka Antiokia sasa inasaliwa na uzao wa wakimbizi, kwa liturujia ya Mashariki, chini ya Baba Mtakatifu. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kwenye Urithi wa Dunia pamoja na majengo mengine manane ya Palermo, Cefalù na Monreale.

Tuondoke na nini?

1. Usiionee aibu lugha yako mbele za Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 123, unafundisha kwamba Kanisa halikufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake. Limepokea mitindo ya mataifa na ya kila zama. Ngoma zetu, vigelegele vyetu, Kiswahili chetu, vikitumika kwa heshima na kwa utaratibu wa Kanisa, havisali kwa daraja la pili.

2. Ijue imani yako vizuri ndipo upokee vya wengine bila hofu. Wajenzi wa Martorana walitumia herufi za Kiarabu lakini walichoandika ni sifa kwa Kristo aliyeketi juu yake. Walijua wanamwimbia nani.

3. Ukipokea zawadi ya jirani, mpokee na jirani. Hati ya Nostra Aetate ya mwaka 1965, namba 3, inasema wazi kuwa Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, na inatuomba tusahau magomvi ya zamani tujitahidi kuelewana na kutetea haki na amani pamoja. Hilo linaanzia kwenye daladala, kwenye benchi la darasa, na kwenye simu yako.

4. Lala kifudifudi. Kama una jambo ulilomfanyia mtu kwa sababu ya dini yake au kabila lake, usilifunike kwa michango ya ujenzi wa kigango. Nenda kwenye kitubio, na ikiwezekana nenda kwa mtu mwenyewe.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi cha vijana

- Taja maneno matano ya Misa yenye asili ya Kiarabu. Je, kujua asili yake kumebadilisha namna unavyoyatamka?
- Kuna sanaa au desturi gani ya kwenu ambayo ungependa itumike kumsifu Mungu? Ni nini cha kuangalia kabla ya kuiingiza kanisani?
- Ni jirani gani ambaye tunafurahia vitu vyake lakini yeye tunamweka mbali? Wiki hii tutafanya nini?

Sala

Ee Bwana Yesu, Wewe uliketi juu ya malaika na bado ulibebwa mikononi mwa Mama. Tunakushukuru kwa kila lugha inayokusifu, na kwa kila mkono uliochonga, uliopanga na uliojenga nyumba zako, hata ule ambao hatukuujali mwenye nao. Utusamehe dharau tulizowaonyesha jirani zetu. Utufundishe kukupenda Wewe bila woga, na kumpenda jirani bila masharti. Mama Maria, utuombee kama ulivyomwombea George miguuni pako. Amina.

Jumapili hii, kwaya ikianza "Mtakatifu", imba kwa sauti. Kule Palermo maneno hayo yameandikwa yakingoja mwenye kuyaimba.